Wiki kumi za fotokopi: niandike nini kwenye ripoti?

Shangazi mpendwa,

Salaam nyingi kutoka Malaba. Mimi ni kijana wa miaka 22, niko mwaka wa pili katika chuo kimoja cha Kampala, nasomea ununuzi na uchukuzi. Likizo hii ya Juni hadi Agosti tulitumwa fildi, yaani mafunzo ya kazini, wiki 10. Wenzangu walibaki Kampala kugombania nafasi kwenye mawizara. Mimi nikarudi nyumbani, nikapokelewa na wakala mmoja wa forodha hapa mpakani mwa Uganda na Kenya, nikajiona nimeokota dodo. Mwanafunzi wa uchukuzi atake nini zaidi, wakati malori ya kutoka Mombasa yanapita mbele ya mlango usiku na mchana?

Dodo lenyewe likawa fotokopi. Saa mbili asubuhi nafungua ofisi, nafagia, natoa nakala. Napeleka mafaili yadi, nasubiri, narudi nayo. Mchana natumwa rolex (chapati za kuviringishwa na mayai) za maajenti, huyu mayai mawili, yule hataki vitunguu. Jioni natumwa kwenye foleni kuwatafuta madereva, kwa kuwa bosi ni mtu wa Kampala na Kiswahili chake ni cha kubahatisha. Mfumo wa forodha sikuugusa hata siku moja. Nenosiri ni la ajenti mwenye leseni. Mimi nilikuwa nachungulia begani kwake.

La maana nililofanya ni moja tu. Kuna lori lililala hapa siku mbili, dereva analalamika, hakuna anayejua limekwama wapi. Nikapewa orodha ya makontena iliyochapwa ofisini kwetu niipeleke tena yadi. Nilipofika kwenye lori nikaona namba ya kwenye mlango wa kontena haifanani na ya kwenye karatasi: tarakimu mbili zimegeuzwa. Nikarudi mbio, ikachapwa upya, lori likaondoka jioni ile. Bosi akasema "haya" na kuendelea na simu yake.

Sasa zimebaki wiki mbili nikabidhi ripoti ya kurasa 25. Daftari la fildi nimejaza wiki tatu za mwanzo, nikachoka kuandika "fotokopi" kila siku. Bosi anasema, "Andika unachotaka, lete nisaini." Anashauri niandike kwamba nilikuwa naandaa matamko ya forodha (fomu za kueleza mzigo na kodi yake), eti itapendeza. Mwenzangu ananiambia kuna duka la kuchapa karibu na chuo linauza ripoti ya mwaka juzi kwa shilingi 70,000, nibadilishe jina tu. Halafu ripoti ni ya Kiingereza, na mimi wiki zote kumi nimefanya kazi kwa Kiswahili. Nikikaa kuandika, maneno yananikimbia.

Je, niseme ukweli kwamba nilifanywa tarishi? Naogopa kuwaharibia jina, na naogopa kufeli.

Mwenye Daftari Tupu, Malaba

*

Mwanangu Mwenye Daftari Tupu,

Nianze na lile kontena, maana umelipitia kama mtu anayeruka dimbwi.

Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba. Herufi tatu za kwanza ni za mwenye kontena, ya nne kwa kontena la mizigo ni U. Zinafuata tarakimu sita za kontena lenyewe, halafu ile ya mwisho ambayo mlangoni utaiona imezungushiwa kisanduku. Hiyo ya kisanduku haikuwekwa kwa urembo. Inatokana na hesabu ya zile kumi zilizotangulia. Kila herufi ina thamani yake (A ni 10, B ni 12, unaruka 11, 22 na 33). Unazidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, hivyo hivyo mpaka ya kumi kwa 512. Jumlisha, gawanya kwa 11, na kinachobaki ndicho kinachoandikwa kwenye kisanduku; kikibaki 10 huandikwa 0. Chukua mfano unaozoeleka kwenye maelezo ya hesabu hii, CSQU 305438. Jumla yake ni 6185, ukigawa kwa 11 inabaki 3, na namba kamili ni CSQU 305438 3. Sasa kosea kama ofisi yenu ilivyokosea, geuza 54 iwe 45. Jumla inakuwa 6249, inabaki 1. Kisanduku kinasema 3, hesabu inasema 1: karatasi ni mbovu, na umelijua hilo ukiwa umekaa kwenye kiti chako, hujafika hata kwenye lori.

Kwa hiyo kosa lililolaza lori siku mbili lingeweza kunaswa ofisini na simu yenye kikokotoo, kabla karatasi haijatoka kwenye printa. Hiyo, mwanangu, ni sura nzima ya ripoti, pamoja na pendekezo lake, na sidhani kama kuna mwanafunzi mwenzako kwenye ile mawizara atakuja na kitu kama hicho.

Sasa ipanue. Mizigo inayokuja kutumika Uganda chini ya Himaya Moja ya Forodha, utaratibu wa pamoja wa forodha wa nchi za Afrika Mashariki, hutamkwa kwa Mamlaka ya Mapato, URA, na kodi ikalipwa wakati kontena lingali Mombasa. Na Malaba ni kituo cha pamoja cha mpakani: lori linaloingia Uganda husimama upande wa Uganda tu, ambako maofisa wa Kenya na wa Uganda wanafanya kazi pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga hata sheria ya vituo hivi, ya mwaka 2016. Yote hayo yalifanywa ili lori lisilale. Basi jiulize swali ambalo mwalimu wako atalipenda: ikiwa tamko limeshafanywa na kodi imeshalipwa, kwa nini lori lile lililala Malaba siku mbili?

Jibu unalo wewe. Kazi kubwa inayobaki mpakani ni kulinganisha karatasi na kitu chenyewe, namba na namba, sili na sili. Na karatasi zile alikuwa anazibeba nani? Wewe uliyekuwa unatumwa ukajiona tarishi. Ulipita njia yote ya faili kwa miguu yako, mara nyingi kuliko bosi wako.

Ichore hiyo njia. Chukua karatasi, weka ofisi yenu upande mmoja na geti upande wa pili, na kati yake kila meza faili lilipokaa: nani analipokea, anaangalia nini, analirudisha kwa sababu gani. Kila ulipoandika "nikasubiri", uliza ulisubiri kwa sababu gani. Mtandao ulikatika? Ofisa alikwenda kula? Nakala ya tatu ilisahaulika, ukarudishwa kuitoa? (Na nakala hizo unazijua, maana ulizitoa mwenyewe.) Bado uko Malaba, tumia bahati hiyo. Omba ruhusa urudi siku mbili, ufuate mafaili machache ukiwa na saa mkononi, uandike limeingia saa ngapi na limetoka saa ngapi. Katika ripoti sema wazi kwamba hesabu hiyo uliifanya baada ya fildi kwisha, tarehe fulani na fulani, mafaili kadhaa. Mafaili manane uliyoyapima kweli yanatosha. Usiniletee mia uliyoyaota.

Na mtafute dereva mmoja, hata kama si yule, umuulize siku mbili za kulala mpakani zinamgharimu nini: chakula, choo, maegesho, mshahara wa utingo, safari inayofuata aliyoikosa. Akuambie kwa Kiswahili chake. Nitarudi kwenye Kiswahili.

Daftari sasa. Nimesimamia wanafunzi wa fildi miaka mingi kabla sijaanza kujibu barua zenu, na daftari lililojazwa usiku mmoja nalijua kabla sijalisoma. Wino ni uleule, mkono umelala vilevile kutoka Jumatatu ya kwanza mpaka Ijumaa ya mwisho, hakuna doa la chai wala ukurasa uliolowa mvua. Mmoja aliniletea daftari linaloonyesha kazi nzito, "kikao na wakuu wa idara", tarehe 9 Juni. Siku ya Mashujaa hapa Uganda! Ofisi ya wilaya aliyokuwapo ilikuwa imefungwa, na yeye mwenyewe, nilipomuuliza, akakumbuka kwamba siku hiyo alikuwa harusini.

Wiki zako saba tupu usizitungie hadithi. Zifufue. Fungua simu yako: bosi alikutumia ujumbe gani WhatsApp, saa ngapi, kuhusu faili gani? Ulipiga picha ya karatasi ili usisahau? Ulilipa boda kwa pesa za simu kwenda yadi? Ujumbe wa malipo una tarehe na saa. Una nakala zilizoharibika ulizozigeuza karatasi za kuandikia? Kaa jioni moja na hivyo vyote, andika siku unazoweza kuzithibitisha, na juu ya ukurasa weka maneno haya: "Kumbukumbu za wiki ya 4 hadi ya 10 zimeandikwa baadaye kutokana na ujumbe wa simu na nakala za ofisi," pamoja na tarehe uliyoandika. Siku usizozikumbuka ziache. Kisha mwambie msimamizi wako wa chuo mapema, kabla hujakabidhi. Unaweza kupunguziwa alama za daftari, sikudanganyi. Alama chache utazifidia. Ukikamatwa na daftari la uongo, hata kurasa zako za kweli hazitaaminiwa.

Ushauri wa bosi wako kuhusu matamko ya forodha usiufuate, ingawa nadhani alikutakia mema. Ukiandika "niliandaa matamko", mwalimu anayejua kazi atakuuliza swali dogo tu: aina za tamko IM4 na IM7 zinatofautianaje? Kama uliwahi kuchungulia kwa makini utajibu kwamba ya kwanza ni bidhaa zinazoingia kutumika nchini na ya pili ni zinazowekwa kwenye ghala la forodha kodi ikiwa bado. Atakuuliza la pili, ulikuwa unaingia mfumoni kwa jina la nani? Hapo utatazama dari.

Lakini kuchungulia nako kuna thamani yake, mradi ukuite kuchungulia. Wanafunzi wangu niliwapa vitenzi vinne, nikawakataza kuvichanganya: nilifanya, nilisaidia, niliona, nilielezwa. Ulifanya ulinganishaji wa namba na upelekaji wa nyaraka. Ulisaidia kuwapata madereva. Uliona tamko likiandaliwa katika ASYCUDA, ule mfumo wa kompyuta wa forodha, na msimbo wa bidhaa wa tarakimu nane ukitafutwa kwenye kitabu cha ushuru cha Jumuiya. Ulielezwa, nadhani, kwamba tarakimu sita za kwanza za msimbo huo ni zilezile duniani kote. Pitia kila sentensi ya ripoti yako uhakikishe kitenzi kimekaa mahali pake. Ripoti yenye "niliona" nyingi za kweli naipa alama kuliko yenye "nilifanya" nyingi za kubahatisha. Kama hukuelezwa jambo, rudi ukaelezwe, ajenti yule hatakung'ata.

Ripoti ya 70,000 sina mengi nayo. Niliwahi kusoma ripoti ya fildi ya Mbale ambayo kwenye ukurasa wa shukrani inawashukuru "wananchi wa Masaka kwa ukarimu wao". Vyuo sasa vina programu za kulinganisha maandishi, lakini hata bila programu, wewe mwenye kontena lile ununue fildi ya mtu mwingine? Hizo 70,000 nunua karatasi na ulipe uchapaji.

Tuje kwenye lugha. Umeandika kana kwamba Kiswahili chako kilikuwa kikwazo. Nani alikuwa anatumwa kwa madereva jioni? Bosi mwenye leseni, gari na ofisi alikuhitaji wewe ndipo azungumze na mtu aliyebeba mzigo wa mteja wake. Nchi hii ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mpaka leo tuko wengi tunaokiona ni lugha ya kambi za jeshi na ya wezi (mama yangu mzazi alikuwa wa kwanza kusema hivyo, Mungu amrehemu). Malaba bila Kiswahili lori haliendi. Andika hilo katika sehemu ya ujuzi uliotumia, na utoe mfano: siku gani, dereva alisema nini, ofisi ilikuwa imeelewa nini, wewe ukasahihisha nini.

Na ukikaa kuandika, anza kwa Kiswahili. Simulia siku ya kontena kama utakavyomsimulia nduguyo jioni, irekodi kwenye simu kama mkono ni mzito, kisha ndiyo uigeuze Kiingereza chepesi, sentensi fupi, kitenzi mbele. Wanafunzi wengi huanza na Kiingereza cha kukopa, "kampuni inayoongoza katika kutoa suluhisho", na kurasa tano zinakwisha hawajasema lori lilikuwa na magurudumu mangapi. Historia ya kampuni ipe nusu ukurasa. Hakuna anayefaulu kwa historia ya kampuni.

Je, useme ulifanywa tarishi? Sema kazi ulizofanya, usiseme ulivyojisikia ukizifanya. "Sehemu kubwa ya muda wangu ilikuwa katika kunakili na kusafirisha nyaraka kati ya ofisi na yadi, sikupata nafasi ya kutumia mfumo wa forodha, ambao hutumiwa na wakala mwenye leseni." Hayo ni maneno ya haki, hata bosi wako akiyasoma hatakasirika. Rolex ziache, isipokuwa mwalimu akikuuliza uso kwa uso, hapo mwambie tu na mcheke. Kwenye changamoto, nakuomba kwa heshima zote, usiandike "sikupewa pesa ya chakula na usafiri". Kweli hukupewa. Ripoti zote nilizosoma hawakupewa. Andika changamoto ya kazi: orodha huchapwa kwa mkono kutoka kwenye picha ya simu, hakuna mtu wa pili anayeihakiki. Ikifuatwa na pendekezo la ile hesabu ya kisanduku, bosi wako huenda akalibandika ukutani.

Usimtaje mchapaji aliyekosea. Wala usibandike nyaraka za wateja kwenye viambatisho, kosa ambalo wanafunzi wa forodha hulifanya sana kwa kudhani ushahidi ni unene. Jina la mteja, namba yake ya mlipakodi, thamani ya mzigo, namba ya lori, simu ya dereva: vyote vifute kwa wino mzito, halafu toa fotokopi ya kilichofutwa, maana wino peke yake ukiinuliwa kwenye mwanga unasomeka. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu mwaka 2019. Picha za ndani ya yadi usiweke bila ruhusa ya maofisa. Mchoro wako wa njia ya faili unatosha, na ni wako.

Kurasa 25 zisikutishe. Siku ya kontena kurasa sita, njia ya faili na mchoro wake saba, ulichokiona mfumoni nne, lugha na madereva tatu. Zilizobaki ni utangulizi, kampuni, mapendekezo na viambatisho. Lakini kwanza fungua mwongozo wa chuo chako, kwa sababu kila chuo kina mpangilio wake wa sura, na kuna walimu wanaokata alama kwa ukubwa wa herufi kabla hawajasoma neno.

Rudi kwa bosi wako asubuhi ya siku ya kazi, si Ijumaa mchana. Mpe rasimu aisome kabla ya kusaini. Akisema hana muda, mfungulie ukurasa wa kontena tu. Omba saini kwenye kila wiki ya daftari, barua ya kumaliza fildi, na muhuri. Nenda na kidau chako cha wino. Ofisi nyingi nilizowahi kutembelea, kile cha kwao kimekauka.

Shangazi